Ukuta Kwanza, Sifongo Baadaye: Nasaha kwa Wajenzi wa Minecraft wa Upare

Vijana wa Same mjini, na wenzao wa milimani kuanzia Suji na Vudee hata Mamba na Gonja, wamekuwa wakiniuliza jambo lilelile kila tukutanapo, tena kwa sikitiko: mtu amehangaika mpaka akapata sifongo katika mchezo wa Minecraft, au sponji kama wengine waitavyo, ameitia ziwani, maji yakatoweka mbele ya macho yake, na kabla hajashusha pumzi yakarudi yote, akabaki na sifongo iliyolowa na ziwa lililojaa kama lilivyokuwa. Huuliza kama kasoro iko kwenye simu, kwenye toleo la mchezo, au kwake mwenyewe. Nami huwajibu kwamba sifongo imefanya kazi yake barabara. Kilichokosekana ni ukuta.

Nimeona bora niandike jambo hili kwa wasaa, madhali majibu ya njiani hayatoshi. Aghalabu wanaoniuliza wanajenga Upare wao ndani ya mchezo: mmoja anachimba ndiva, yaani bwawa dogo la kumwagilia, kando ya mlima, mwingine anatengeneza bwawa la Kalemawe, mwingine anataka mashamba ya mpunga ya Ndungu, na wote hukwama palepale, penye maji. Kwa hiyo mifano yangu itakuwa ya ndiva na mifongo, yaani mifereji ya kuleta na kuteremsha maji, na maneno yangu yatakuwa ya kazi.

## Sifongo hufanya nini, na haifanyi nini

Shika mambo haya machache kabla ya kugusa maji.

- Sifongo kavu ikigusana na maji huyanyonya papo hapo, yaliyo kando yake, juu yake na chini yake, kisha hugeuka kuwa sifongo iliyolowa.
- Kufika kwake hakuzidi hatua saba, na hatua hizo huhesabiwa kwa kupita tofali kwa tofali, si kwa kukata mshazari. Kwa sababu hiyo eneo linalokauka halitoki mraba kamili: pembe hubaki na maji.
- Ina kikomo cha wingi wa maji inayoweza kuyachukua kwa mara moja, na yaliyo karibu zaidi hutangulia kuchukuliwa. Katika maji ya kina kirefu, nguvu yake huishia chini badala ya kuenea kando.
- Hunyonya kwa kufuata maji yaliyoungana. Penye ukuta, na hata penye uwazi wa hewa, hairuki kwenda kutafuta maji ya upande wa pili.
- Sifongo iliyolowa hainyonyi tena hata tone moja mpaka ikaushwe. Walakini haivuji wala haimwagi maji ukiing'oa, kwa hiyo usiogope kuivunja.
- Lava hainyonyi kabisa.

## Mbona maji yanarudi?

Maji ya mchezo huu ni ya namna mbili. Kuna tofali la chemchemi, ambalo ndilo maji yenyewe, nalo hudumu pale lilipo bila kupungua. Na kuna maji ya mtiririko, ambayo hutoka kwenye chemchemi na hufa mara chemchemi yake inapoondolewa. Ziwa lote, bahari yote na mto wote wa mchezo ni chemchemi tupu zilizopangwa bega kwa bega.

Sasa sikiliza kanuni inayowatia watu wengi hasarani. Pengo lolote lililopakana na chemchemi mbili au zaidi za ubavuni, na ambalo chini yake pana tofali gumu au chemchemi nyingine, hujaa na kuwa chemchemi mpya. Basi ukitia sifongo katikati ya ziwa lililo wazi, unachimba shimo katika maji ambalo kila upande limezungukwa na chemchemi zenye uwezo wa kuzaa nyingine; maji ya ukingoni huingia, huzaliana, huingia tena, na kazi yako yote huwa bure. Sifongo mia zitashindwa kama ilivyoshindwa moja, ikiwa ukingo umeachwa wazi.

Aliyewahi kuitikia msaragambo, yaani wito wa kazi ya pamoja, wa kuzoa tope katika ndiva hahitaji kuelezwa zaidi. Hakuna anayeingia na jembe na karai wakati mfongo bado unaleta maji. Kwanza maji hugeuzwa kule juu, ndiva huachwa imwagike, ndipo watu hushuka. Kazi ya sifongo ni sawasawa na hiyo: geuza na uzuie kwanza, kausha baadaye.

## Kwanza jiulize kama unaihitaji

Nasema hili kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa nimeona vijana wakipoteza wiki nzima baharini kuitafuta sifongo kwa ajili ya kidimbwi ambacho wangekimaliza jioni moja.

Kama maji yako ni madogo, tumia mchanga. Mchanga na changarawe huanguka ndani ya maji mpaka chini, na kila tofali la mchanga huchukua nafasi ya tofali moja la maji. Jaza kidimbwi chote mpaka usoni, kisha chimba mchanga wako uutoe. Utabaki na shimo kavu. Ndiva ya matofali 9 kwa 9 yenye kina cha matofali 3 inahitaji matofali 243 ya mchanga, yaani chini ya mafungu manne ya 64, na mchanga huo wote utaurudisha mkobani kwa kazi nyingine.

Kama ni chemchemi moja au mbili tu zinazomwaga maji kutoka jabalini, tumia ndoo tupu: itie kwenye chemchemi yenyewe, si kwenye mtiririko, na maji yote ya chini yatakufa yenyewe. Na kama unacheza katika hali ya ubunifu, ambamo kila kitu kimo mkobani bila kutafutwa, sifongo zimo humo kavu na zilizolowa, na amri ya kujaza eneo kwa hewa ipo pia. Ila ujue kwamba kuruhusu amri katika dunia ya simu huzima tuzo za mchezo kwa dunia hiyo, na hazirudi.

Sifongo ni ya ziwa kubwa, ya maji yenye kina, na ya kazi ya kujirudia. Kama hiyo ndiyo haja yako, endelea kusoma.

## Kuipata katika hali ya kujinusuru

Sifongo haitengenezwi kwa mkono. Hakuna mchanganyiko wowote wa vitu utakaokupa, na anayekwambia ipo kanuni ya siri anakupotosha. Hupatikana katika majumba ya mawe yaliyo chini ya bahari zenye kina kirefu, na kwa njia mbili tu za kutegemea.

Ya kwanza ni walinzi wakongwe. Kila jumba lina walinzi wakongwe watatu, na kila mmoja akiuawa na mchezaji huacha sifongo moja iliyolowa. Ya pili ni chumba cha sifongo, ambacho dari yake imening'inizwa sifongo zilizolowa zipatazo thelathini. Lakini chumba hiki si kila jumba linacho, kwa hiyo usivunjike moyo ukitoka na tatu tu.

Matayarisho ya safari:

1. Nunua ramani ya bahari kwa mchora ramani wa kijijini. Hutaka zumaridi na dira. Kuzunguka baharini bila ramani ni kupoteza siku.
2. Chukua dawa ya kupumulia majini, inayopikwa kwa samaki bunju. Ile ya kawaida hudumu dakika 3. Ukiiongezea redstoni hudumu dakika 8. Beba za kutosha kuingia na kutoka, si za kuingia tu.
3. Chukua ndoo za maziwa. Mlinzi mkongwe hukutia uchovu wa kuchimba kwa dakika 5, ukawa huwezi kuvunja jiwe. Maziwa huondoa uchovu huo, japo akikuona tena ataurudisha.
4. Waue wakongwe wote watatu kabla ya kuanza kubomoa chochote. Hao hawazaliwi tena, ilhali walinzi wadogo huendelea kuzaliwa.
5. Ukifika kwenye sifongo, tumia jembe. Ndilo chombo kinachozivunja upesi kuliko vyote, na wengi hawalijui hilo, huenda na sululu.

## Kukausha ziwa, hatua kwa hatua

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, nami naomba msomaji asiruke hatua hata moja.

Pima. Simama ukingoni uweke alama za urefu na upana wa eneo unalotaka likauke, si ziwa lote. Wajenzi wengi hukausha ziwa zima ilhali wanataka kona moja tu ya kujenga gati.

Zungushia ukuta wa nje. Dondosha mchanga kutoka usoni mwa maji, safu moja isiyo na pengo, mpaka ukuta utokeze juu ya maji kwa tofali moja. Kisha piga mbizi uukague kwa chini. Mchanga hukaa juu ya kile unachokutana nacho, na ukikuta sakafu yenye pango au ufa, maji yatapitia huko hata kama juu ukuta unaonekana mzima. Pengo la tofali moja linatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Gawa ndani vyumba kwa kuta nyingine za mchanga. Katika maji ya kina kirefu, vyumba vya matofali 5 kwa 5 ndivyo ninavyovipendekeza kuliko vyote. Sababu yake ni hii: sifongo ikiwekwa katikati ya tabaka la juu la chumba cha kadiri hiyo, hulimaliza tabaka lile lote, pembe na zote, kabla nguvu yake haijaishia kuzama chini. Ukipanua chumba kufika 9 kwa 9, pembe zitabaki na chemchemi, na chemchemi za pembeni zikibaki mbili mbili zitaanza kuzaa upya. Kama maji ni ya tofali moja tu kwa kina, kama majaruba ya mpunga, unaweza kuvipanua vyumba kidogo, kwa maana hapo nguvu ya sifongo yote huenda kando.

Anza juu, shuka chini. Weka sifongo ya kwanza katikati ya uso wa maji. Tabaka la juu likishakauka, weka nyingine katikati ya uso mpya wa maji ulioshuka, na hivyo hivyo mpaka sakafuni. Usishawishike kupiga mbizi ukaanzie chini. Maji ya juu yatakumiminikia na utanyonya tabaka lilelile mara mbili.

Ng'oa zilizolowa kila unaposhuka. Ziweke mkobani, zitunze zisichanganyike na kavu, maana katika purukushani ni rahisi kuchomeka iliyolowa ukangoja inyonye, kumbe haiwezi.

Maliza chumba kimoja kabla ya kuanza kingine. Endelea kwa mpango, kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili. Kuta za ndani ziache mpaka vyumba vya pande zake zote mbili viwe vikavu kabisa, kwa sababu ukibomoa ukuta ulio kati ya kukavu na kwenye maji umerudi ulikoanza.

Bomoa kuta za ndani kwa mwenge. Hii ni sahala sana: vunja tofali la chini kabisa la nguzo ya mchanga, na kwa haraka chomeka mwenge mahali pake, mchanga wote wa juu utaanguka juu ya mwenge na kuvunjika wenyewe, nawe utauokota.

Ukuta wa nje ubadilishe. Mchanga ni wa muda. Kabla ya kujenga ndani, simamisha ukuta wa jiwe au udongo upande wa ndani wa ule wa mchanga, uhakikishe umeshika, ndipo uamue kama mchanga utauacha au utautoa.

## Kuzikausha sifongo zenyewe

Katika jua la Makanya nguo iliyofuliwa asubuhi hukauka kabla ya adhuhuri. Katika mchezo jua halikaushi sifongo hata ungeiacha jangwani mwaka mzima. Zipo njia mbili.

Njia ya kwanza ni tanuri la kawaida. Sifongo moja huchukua sekunde 10, na kipande kimoja cha makaa, yawe ya mawe au ya miti, hutosha sifongo 8. Fungu la sifongo 64 katika tanuri moja litakuweka dakika 10 na sekunde 40. Lakini ukipanga matanuri manane, ukatia sifongo 8 na kipande kimoja cha makaa katika kila moja, fungu lote litakauka kwa sekunde 80. Mimi sioni sababu ya mtu kukausha kwa tanuri moja, ilhali tanuri ni mawe manane tu. Tanuri la kuyeyushia chuma na lile la kuokea nyama hayakubali sifongo. Usiharibu makaa kujaribu.

Liko pia jambo zuri ambalo wengi hawalijui: kama katika sehemu ya kuni pana ndoo tupu wakati sifongo inapomaliza kukauka, ndoo hiyo hujaa maji. Ukichoma kwa ndoo ya lava, ambayo hutosha vitu 100, ndoo hubaki tupu humo humo na sifongo itakayofuata huijaza. Iondoe mara moja, la sivyo itaziba nafasi ya kuni na tanuri litazimika kimyakimya.

Njia ya pili, katika matoleo ya sasa, ni kwenda Nether, ule ulimwengu wa moto wa mchezo unaofikiwa kwa lango. Sifongo iliyolowa ukiiweka chini huko hukauka papo hapo. Mwenye lango karibu na ziwa lake atapata faida kubwa: ataingia na mafungu yaliyolowa, ataziweka na kuzing'oa kwa jembe, atarudi nazo kavu bila kuchoma hata kipande cha makaa. Hadhari ni moja tu, nayo ni kuzungushia mahali hapo ukuta wa mawe, kwa maana mtu anayehesabu sifongo haoni kinachomjia nyuma.

## Makosa ninayoyaona kila mara

- Kuvunja majani ya baharini kwanza. Mwani na nyasi za majini hushika maji ndani yake. Ukizivunja kwa mkono huacha chemchemi pale zilipokuwa. Mtu hudhani amesafisha, kumbe amepanda maji mapya ndani ya chumba kilichokwisha kukauka.
- Kusahau ngazi, uzio na vibao vilivyozama. Hivi navyo huweza kubeba maji ndani yake na kuyatiririsha baada ya wewe kuondoka. Vitafute kabla ya kujipongeza.
- Kuvunja barafu katika nchi za baridi za mchezo. Barafu yenye tofali chini yake, ikivunjwa kwa mkono, hugeuka maji.
- Kuweka sifongo mahali isipogusana na maji. Haivuti maji ya mbali; lazima iguse.
- Kutumia sifongo nyingi kwa pamoja mahali pamoja. Ya kwanza hunyonya, na maji yatakayobaki karibu huzilowesha nyingine kwa tone dogo tu, nawe utakuwa umezipeleka zote tanurini kwa kazi ya moja.
- Kuchoka penye chumba cha mwisho. Sijui kwa nini, lakini ajizi huwapata watu hapo hapo, wanapouacha ukuta wa upande mmoja nusu kwa kuwa "ni padogo tu". Padogo ndipo maji yapitapo.

## Shaka mnazoniletea

*"Nimesoma kwamba sifongo ni pambo tu, haifanyi kitu."* Maelezo hayo ni ya zamani. Sifongo ilikuwamo tangu 2009, mchezo ulipokuwa mchanga, kisha kwa miaka kadhaa ilibaki bila nguvu yoyote; nguvu ilirudishwa katika toleo la 1.8 la Septemba 2014, ambalo ndilo lililoleta pia majumba ya baharini. Ukikuta mafundisho ya kabla ya mwaka huo, yaache.

*"Mimi nina simu, sina kompyuta."* Mengi niliyoyasema yanafaa kote kuwili. Tena simu zina faida yake: zikiwa katika mtandao mmoja wa Wi-Fi, wachezaji kadhaa huweza kuingia katika dunia moja, na hapo kukausha ziwa kunakuwa msaragambo wa kweli. Gawaneni kazi: mmoja adondoshe mchanga, mmoja ashuke na sifongo, mmoja akae kwenye matanuri asiondoke, na mmoja apige mbizi akague kuta. Nimeona kazi iliyomshinda mtu mmoja mwezi mzima ikimalizwa na vijana wanne kwa kukaa kitako mara moja.

*"Mvua ikinyesha, shimo langu halitajaa?"* Halitajaa. Mvua ya mchezo haiongezi maji ardhini. Hujaza sufuria kubwa za chuma zilizoachwa wazi na hakuna zaidi. Mtoto wa Upare, aliyezoea kuona vuli ikiamua mavuno ya nyumba nzima, atashangaa, lakini ndivyo ilivyo.

*"Wazee nyumbani wanasema haya ni upuuzi wa watoto."* Wazee wana haki ya kuuliza wakati wa mtoto unakwenda wapi, nami siwapingi hata kidogo katika hilo: somo la shule na ng'ombe wa nyumbani hutangulia. Lakini waambieni kwa adabu kwamba UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilianza mwaka 2012 kushirikiana na Mojang, wenye mchezo huu, katika mpango wa Block by Block, ambamo wananchi wa kawaida hukaa pamoja na kupanga viwanja na mitaa yao ndani ya Minecraft kabla ya ujenzi wa kweli. Na Nairobi ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo. Kijana anayeweza kuonyesha kwenye kioo cha simu ndiva ya kijiji chake, mfongo wake na shamba lililo chini yake, ana jambo la kuwaonyesha wazee, na yamkini wao watamsahihisha palipo na kosa, kwa kuwa wanaijua ndiva hiyo kuliko yeye.

## Shimo likishakauka: ndiva na mfongo

Mtakaojenga ndiva, kama ile ya Manoo kule Bangalala, kumbukeni namna inavyotumika: maji ya mfongo hukusanywa usiku, na mchana hufunguliwa yateremke mashambani. Mchezo una tabia tofauti na hiyo, nanyi mnapaswa kuizingatia.

Ndiva ya mchezo ikiwa imejaa chemchemi haipungui hata ukiufungua mlango wake siku kucha. Hilo ni uongo mkubwa kuhusu maji, na sipendi mtoto wa Same akue akiuamini. Njia ya kuonyesha ukweli ni sifongo hiyo hiyo: wenzako wakija kuitazama kazi yako, fungua mlango, maji yateremke, kisha kausha ndiva kwa sifongo zako ili waione sakafu yake na tope lake, na waelewe kwa nini zamu za maji zinagombewa.

Kwa mfongo, shika vipimo hivi. Katika tambarare maji hutiririka matofali 7 kutoka kwenye chemchemi yake, kisha huisha. Lakini yakishuka tofali moja huanza hesabu upya, kwa hiyo mfongo unaoteremka tofali moja katika kila matofali 7 utafika popote, na ubavu wa mlima ndio mahali pake hasa. Anayejenga tambarare za Same atalazimika kuongeza chemchemi njiani. Anayejenga Mbaga au Chome hatapata taabu hiyo. Udongo uliolimwa hulowa mpaka umbali wa matofali 4 kutoka kwenye maji, basi panga shamba lenye upana wa matofali 9, mfongo ukipita katikati, matofali 4 huku na 4 huku, na hakuna mche utakaokosa maji.

Mlango wa ndiva usiutie ufundi mwingi. Tofali moja la udongo mdomoni mwa mfongo, linaloondolewa na kurudishwa kwa mkono, linatosha na halikosei. Anayetaka zaidi atumie pistoni yenye gundi na swichi, lakini aijaribu kwanza shimo likiwa kavu.

Na kabla ya kurudisha maji, tengeneza nakala ya dunia yako. Kwenye simu, fungua orodha ya dunia zako, gusa kalamu iliyo kando ya jina lake, ushuke mpaka kwenye kitufe cha kunakili. Kwenye kompyuta, ichague dunia, ingia katika kuhariri, ubonyeze kitufe cha kuweka akiba. Ipe nakala hiyo jina litakaloonyesha kwamba ni ndiva ikiwa kavu, kisha fungua dunia ya asili na uondoe tofali la mwisho la mfongo.